Mlango Unafunguliwa Saa Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimetoa benchi.

Lilikuwa mbele ya atelier yangu, karakana ya vyuma hapa mtaani Cibitoke, tangu nilipoipanga, na kila asubuhi lilijaa wanaume. Wengine hawana kazi, wengine wana kazi wanayoikimbia. Wanazungumza mpira, wanazungumza mafuta ya magari yaliyokosekana, na katikati ya mazungumzo wananikumbuka. Lisette, nichomee mshikio wa sufuria hii, ni kitu kidogo. Lisette, umesikia habari ya fulani? Juma lililopita mmoja aliniita nikiwa nachomelea kona ya geti. Nikageuza shingo, na mkono ukafuata shingo. Sasa nina kidonda kirefu kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka pale watu wanapovaa saa.

Nilikaa nyumbani na bandeji, nikawaza. Mimi nachomelea vyuma peke yangu. Sina mfanyakazi, sina patron, bosi wa kunituma, sina mtu wa kunishikia upande wa pili wa bomba. Nina kichwa kimoja na mikono miwili, na mmoja sasa umeungua. Kila mtu akichukua kipande cha asubuhi yangu, mimi nabaki na nini?

Kwa hiyo nimeandika kwa chaki juu ya mlango wa chuma, herufi kubwa: ASUBUHI KAZI. WATEJA SAA SITA. Simu italala ndani ya kopo tupu la rangi, kifuniko juu. Benchi nimempa Consolée, jirani anayeuza chai na mandazi ng'ambo ya barabara. Alilipokea bila kuniangalia usoni.

"Watasema umejiona," aliniambia.

"Waseme wakikunywa chai yako," nikamjibu.

Mvua imeanza jioni. Shajara hii nayo inaanza leo. Nataka kujua kama nitaweza msimu mzima.

Jumanne, 4 Machi

Tonton Méthode alikuja kukaa mahali pake, akakuta hakuna mahali.

Tonton ni mjomba wangu, mdogo wa mama. Ndiye aliyenifundisha kushika baguette, ile fimbo ya kuchomelea, wakati watu walicheka kuona msichana amevaa maski. Atelier yake iko chini, karibu na mto, na mlango wake haujawahi kufungwa mchana. Alisimama akasoma chaki yangu polepole, kama mtu anayesoma hukumu.

"Benchi iko wapi?"

"Iko kwa Consolée, tonton."

"Na hii saa sita ni nini? We umekuwa banki?"

"Apana, tonton. Niko na kazi."

"Mi nilikufundisha kazi mulango ikiwa wazi."

Ni kweli. Alinifundisha mlango ukiwa wazi, na wateja wake wanalala mlangoni kwake wakidai vitu vya mwaka jana. Hilo sikumwambia. Nilimwambia nitampitia saa sita. Akaondoka bila kuaga, na katika ukoo wetu mtu asiyekuaga amekutukana.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme ulikuja, ukakaa kidogo, ukaondoka. Umenikuta tayari.

Niandike hapa, maana ndilo jambo lililonichukua miaka kuligundua. Zamani umeme ukikatika nilikaa chini nikangoja, na ukirudi ndipo nilipoanza kupima na kukata. Nikimaliza kukata, umeme umekwenda tena. Sasa nimegawa kazi mafungu mawili, kazi ya moto na kazi isiyo na moto. Kupima, kukata kwa msumeno, kupiga tupa, kupaka rangi, yote hayo hayangoji mtu. Vipande vinalala sakafuni vimepangwa kama mifupa ya samaki, na taa ikiwaka tu, mimi navaa maski. Leo nimefunga fremu mbili za milango kwa muda ambao zamani nilikuwa natafuta mita.

Jumatatu, 10 Machi

Saa sita kamili nilipofungua mlango, mbele yake palikuwa na mtu amekaa juu ya chuma kilichovunjika.

Anaitwa Akilimali. Ni Mkongomani wa Uvira, miguu yake ilikufa akiwa mtoto, na anapita mpaka wa Gatumba na tricycle, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Anabeba mizigo ya wafanyabiashara: unga, sabuni, vitenge, vinywaji. Mabega yake ni mapana kuliko ya mwanaume yeyote wa mtaa huu. Fremu ilikatika katikati kabisa chini ya mzigo, na vijana wawili walimsukuma kutoka barabara ya Gatumba mpaka hapa.

"Niko hapa tangu saa mbili," akasema. "Nilipiga hodi."

"Umesoma mlango?"

"Nilisoma. Nikasema labda ni ya watu wenye miguu."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Niliinama nikaangalia chuma. Kilikuwa kimeshachomelewa mara nyingi, na mafundi tofauti, kiraka juu ya kiraka. Nikamwambia ukweli: hiki hakifai kuchomelewa tena, kinahitaji fremu mpya, bomba nene, na mahali pa mzigo pawe chini zaidi ili usipinduke. Magurudumu na mnyororo vinafaa.

"Lini?"

Nilitazama ratiba yangu, nikaongeza siku za umeme kukatika. "Baada ya Pasaka. Jumanne."

Aligusa pale chuma kilipokatika. Halafu akasema, "Dada, kule mpakani mutu asipoonekana, wateja wake wanachukuliwa. Hakuna mutu atanichungia nafasi mpaka Pasaka."

"Nikikuambia juma lijalo nitakuwa nimekudanganya. Kuna kazi mbele yako nilizoahidi."

"Wengine wananiambia kesho."

"Nenda kwa wengine."

Alibaki. Alikodi kijana wa baiskeli ya mizigo amrudishe nyumbani, akaniachia vyuma vyake.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Akilimali alikuja asubuhi kwa baiskeli ile ya kukodi kuangalia, akakaa nje juu ya gunia. Sikufungua. Alizungumza na mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja tena. Nilifungua saa sita, nikamwambia nikimwona tena kabla ya siku yake fremu yake itakuwa ya mwisho mtaani. Akasema mtu aliyezoea kufanya kazi kila siku hajui kukaa nyumbani. Na mimi sijui.

Jumamosi, 15 Machi

Asubuhi kazi za jamii za kila Jumamosi, sote tumefagia mifereji na kutoa matope. Tonton Méthode alikuwa na jembe karibu nami. Alinigeuzia mgongo. Mfereji wa chini, ule unaopita kwake, umejaa taka mpaka juu.

Jumanne, 18 Machi

Darius amekuja.

Kila mtu mwenye poste, mashine ya kuchomelea, katika barabara hii anamjua. Anajenga majumba ya Kiriri, kule juu kwa wakubwa, na kazi ya vyuma anaigawa huku chini kama mtu anayerushia kuku mahindi. Gari lake likisimama, mafundi wanaacha walichoshika. Nimeona kwa macho yangu fundi akiacha geti la mjane limening'inia kwenye bawaba moja kwa sababu Darius amepiga honi.

Alikuja saa nne, akapiga honi. Nilikuwa nakata bomba. Akapiga tena. Saa sita nilifungua, na yeye alikuwa amekwisha kunywa chai tatu kwa Consolée, akiwa na Tonton Méthode pembeni. Hapo ndipo nilipoelewa nani alimleta.

"Mi sijawahi kungoja fundi," Darius akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa anashangaa tu.

"Karibu, patron."

Anataka grille za kukinga madirisha yote ya villa moja, pamoja na ngazi ya nje. Kazi nzuri. Mchoro mzuri pia, wenye maua ya chuma ambayo mikono iliniwasha kwa hamu ya kuyapinda. Akasema nianze kesho.

"Naweza kuanza baada ya Pasaka," nikasema. "Jumatano."

Alitazama Tonton. Tonton alitazama chini.

"Ni kazi gani iko mbele yangu?"

Nilimwonyesha: milango ya kanisa, kitanda cha mtoto, na vyuma vya Akilimali ukutani.

"Unaniweka nyuma ya kilema wa Gatumba?"

"Nakuweka nyuma ya aliyekuja kabla yako."

Aliondoka. Tonton alibaki mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameniletea mkate mdomoni nami nimeutema. Akasema kazi ile ataifanya yeye. Nikamwambia, "Ifanye, tonton, nakutakia heri." Na nilikuwa namaanisha, lakini kwa jinsi alivyogeuka najua alisikia tusi.

Alhamisi, 27 Machi

Darius amerudi, safari hii saa sita na nusu, bila honi. Hilo lilinitisha kuliko honi.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama jinsi vipande vyangu vilivyopangwa. Akasema amewaona mafundi wengi na hajaona sakafu kama hii. Grille za Tonton zimeanza kuchelewa, na mojawapo imepinda. Halafu akatoa alichokuja nacho. Nihamie kwenye hangari yake, banda lake kubwa la kazi. Kuna jenereta, na yeye mafuta anayapata hata wakati ambapo mji mzima unatembea kwa miguu. Kuna mashine ya kukata. Nitamfanyia kazi yeye peke yake.

"Hutahitaji tena hii chaki," akasema akionyesha mlango. "Kupanga nitapanga mimi. Wewe utachomelea tu."

Nilimwomba siku za kuwaza. Najua usiku huu sitalala vizuri, na leo siandiki kama shujaa. Jenereta. Mwaka mzima nafukuzia umeme kama mtu anayefukuzia mbuzi wa jirani. Kupanga kunachosha kuliko kuchomelea. Kuna siku natamani mtu aje aniambie fanya hiki, kisha hiki, nami nifanye nikiwa nimefumba macho. Mama akisikia kwamba nimepewa nafasi hiyo atapiga magoti kumshukuru Mungu.

Lakini niliona pia jinsi alivyosema lile neno, tu. Utachomelea tu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimempigia simu. "Apana, patron. Asante." Akacheka kidogo, akasema umeme wa Cibitoke utanifundisha.

Jumatano, 2 Aprili

Hakuna umeme tangu Jumapili.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuna.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuna. Nimekata kila kitu cha kukata. Nimepiga tupa mpaka bomba linang'aa kama kijiko. Fremu ya Akilimali iko sakafuni, vipande vyote, nayo haiwezi kusimama. Consolée anasema waya umeanguka kule karibu na mto na hakuna gari la kuwaleta mafundi wa umeme kwa sababu hakuna mafuta. Wanaume wa benchi wameniuliza kwa upole ambao si upole, "Na sasa asubuhi unajifungia ufanye nini?"

Jumatatu, 7 Aprili

Umeme haukuja kwangu, basi mimi nimeufuata.

Nilisoma shule ya ufundi na Olga, ambaye ana duka la vipuri vya baiskeli huko Jabe, karibu na soko. Kwake umeme unapatikana asubuhi. Nilimwomba pembe ya ua wake, asubuhi tu. Akakubali. Nimekodi mkokoteni, nikapakia poste, maski, na mifupa yote ya tricycle, nikatembea nyuma yake kutoka Cibitoke mpaka Jabe kwenye mvua nyembamba, nikiwa nimefunika mashine kwa koti langu la plastiki na mimi mwenyewe nimelowa. Mbele ya kituo kimoja cha mafuta magari yalikuwa yamelala foleni mpaka kona ya pili. Watu walitoa vichwa madirishani kuniona.

Nimefunga upande wa kushoto wote. Umesimama.

Jumatano, 9 Aprili

Waya wetu umetengenezwa. Nimerudisha mashine Cibitoke. Fremu inasimama kwa miguu yake mitatu, bado mahali pa mzigo na pedeli za mikono. Akilimali hajui. Ametii, hajaja.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimechoka, lakini hii siwezi kuiacha bila kuiandika.

Kazi za jamii zilivunjwa mapema kwa sababu mawingu yalikuja meusi kutoka milimani. Nilijifungia ndani. Mvua ilipiga bati kwa nguvu sana hata sikusikia msumeno wangu mwenyewe. Halafu mlango ukagongwa. Nimezoea kugongewa, nikaendelea. Ukagongwa tena, kwa kiganja kizima, na sauti ya Consolée ikapenya.

"Lisette, fungua. Mutu hakuiti kwa sufuria leo. Maji yameingia kwa tonton wako."

Nilifungua, na chaki ya mlango ilikuwa imekwisha kuwa mistari myeupe inayotiririka.

Barabara ilikuwa mto. Tulishuka tumeshikana mikono, maji yakitufika magotini, na chini kule yalikuwa kiunoni. Mfereji ule uliojaa taka ulikataa maji, na maji yakatafuta mlango ulio wazi. Ulikuwa wa Tonton. Nilimkuta ndani, amekumbatia poste yake kama mtu anayemwokoa ng'ombe, ameishikilia juu ya kifua, na miguu inateleza kwenye matope. Ile mashine ni nzito, ilikuwa inamvuta chini. Nilimwambia aiache. Alikataa.

"Tonton, iache."

"Nikiiacha mimi nakuwa nani?"

Ukuta wa nyuma, wa matofali ya udongo, ulianza kuteremka taratibu kama mtu anayekaa. Nilimshika kola ya shati kwa mkono wangu wenye kovu, Consolée akamshika mkanda, tukamvuta. Mashine ilizama. Tulipofika juu barabarani ukuta ulikuwa umelala, na bati juu yake. Baadhi ya grille za Darius zilichungulia kwenye matope, maua yakiwa juu.

Tonton alikaa kwenye benchi kwa Consolée, analowa, hataki kuingia ndani. Nilikaa karibu naye. Alikamua mikono ya shati lake. Halafu akasema bila kunitazama:

"Unajua kwa nini mi sikufunga mulango? Niliogopa nikiufunga, siku nyingine hakuna mutu atapiga hodi."

Miaka yote nilifikiri ni uvivu.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumefukua. Mashine imekufa, maji yamefika kwenye koili. Grille tumezipata nyingi, zimejaa udongo lakini hazijapinda, ila ile iliyopinda tangu mwanzo.

Nimemwambia Tonton: kuanzia saa sita mpaka giza, poste yangu ni yako, umalizie kazi ya Darius. Asubuhi ni yangu. Alikubali. Kisha akauliza, kwa shida, vipande vyake aviweke upande gani wa sakafu. Nilimchorea mstari wa chaki.

Jumanne, 15 Aprili

Tonton alifika saa tatu. Alinywa chai kwa Consolée mpaka saa sita. Anapinda maua vizuri kuliko mimi, sikumbuki lini nilimwona akifanya kazi bila watu wanne kumzunguka.

Jumatano, 16 Aprili

Nilijua siku hii itakuja.

Saa nne nilikuwa ndani, nachomelea mshono wa mwisho wa mahali pa mzigo, ule unaobeba uzito wote. Honi. Honi tena. Halafu sauti ya Darius ng'ambo ya barabara, na kwa sababu leo hakukuwa na mvua nilisikia kila neno.

"Méthode, umekaa na chai? Villa yangu haina madirisha na we umekaa?"

"Nangoja saa sita, patron."

"Unangoja nini? Mashine si iko ndani pale?"

"Iko ndani. Asubuhi si yangu."

"Huyu si mutoto wako?"

"Ni mutoto wa dada yangu. Mashine ni yake."

Mlango wa gari ukafungwa kwa kishindo. Moyo wangu ulitaka niinue maski nikimbilie nje, na mkono wangu ulikumbuka mara ya mwisho nilipogeuka. Nikaendelea. Mshono ule hauwezi kukatwa katikati. Ukikatwa, siku moja utakatika barabarani na mtu juu yake. Nilisikia hatua zikivuka barabara, na ngumi kwenye mlango. Nikaendelea. Nilipofika mwisho nilizima, nikainua maski, nikafungua.

Darius alikuwa amesimama na Tonton nyuma yake ameshika kofia mkononi.

"Nataka grille zangu zichomelewe sasa hivi," Darius akasema. "Au nazichukua zote leo, na hakuna hata mmoja wenu atakayepata kazi kwangu tena. Wala kwa watu ninaowajua."

Nilikuwa na maneno tayari, lakini Tonton alitangulia.

"Chukua, patron," akasema. "Mi nimechelewesha kazi yako kabla ya maji, hilo ni kosa langu na naomba radhi. Lakini huyu hajachelewesha kazi ya mutu hata mmoja. Siwezi kumuondoa kwa mashine yake asubuhi ili nikufurahishe wewe."

Alivaa kofia yake. Aliendelea kusimama wima.

Darius alinigeukia mimi, kama anayeuliza kama nimemsikia mzee wangu akikosa akili.

"Umesikia, patron," nikasema. "Nitakusaidia kupakia."

Nilimsaidia kweli. Nilibeba grille zake mpaka kwenye pickup yake, moja baada ya nyingine, na sikuziangusha. Wanaume wa benchi walisimama wote. Mmoja, yule aliyeniita mpaka nikaungua, alikuja akashika upande wa pili wa ile ngazi ya nje.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Kanisani milango yangu mipya ilifunguliwa. Bawaba hazikulia.

Jumanne, 22 Aprili

Akilimali alifika saa sita. Wenzake wawili wa mpakani walimleta. Alizunguka tricycle kwa macho, akapitisha kidole kwenye kila mshono, pole pole, kama daktari. Aligonga mahali pa mzigo kwa ngumi. Halafu akajiinua kwa mikono, akakaa, akazungusha pedeli, akaondoka.

Alikwenda mpaka mwisho wa barabara, akapotea. Nilidhani amekwenda zake. Akarudi kwa mwendo ambao watoto walikimbia kuupisha, akafunga breki mbele yangu.

"Ulisema Jumanne," akasema.

"Nilisema Jumanne."

"Mi nilisema kwa watu, huyu mwanamuke ananidanganya kama wengine. Nilisema kwa sauti. Kesho nitawaambia tena kwa sauti."

Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha.

Jumatatu, 28 Aprili

Darius ametimiza alilosema. Muuzaji wa mabomba hapa kwetu ameniambia, huku akipanga risiti ambazo hazikuhitaji kupangwa, kwamba hana bomba la kuniuzia. Mabomba yalikuwa nyuma yake yameegemea ukuta. Nimemtazama mpaka akaacha risiti. Kisha nikasema asante, nikatoka.

Tonton anataka kwenda kuomba msamaha Kiriri. Nimemkataza. Yeye na mimi tuna kazi za kufanya: kitanda cha aina ya hospitali kwa mgonjwa wa nyumbani, madawati, na geti la Consolée. Olga anasema Jabe kuna bomba kwa muuzaji asiyemjua Darius na asiyetaka kumjua.

Shida ni kuyafikisha mabomba hapa. Malori hayana mafuta. Mwenye mkokoteni anaumwa.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwendea Akilimali jioni anakoegesha. Nikamwambia nina bomba la kubeba kutoka Jabe, je, kesho anaweza?

"Kesho ni sikukuu, mi nabeba vinywaji. Ijumaa niko Uvira. Jumamosi kazi za jamii, na mchana nimeahidi mama mmoja wa sabuni." Alihesabu kwenye vidole vyake vinene. "Jumanne. Saa mbili."

"Akilimali, nina kazi imesimama."

"Najua." Alinitazama bila kutabasamu. "Nikikuambia kesho nitakuwa nimekudanganya."

Nilisimama pale barabarani nikiwa na hasira, hasira ya kweli, ile ya mtu aliyezoea kuamini kwamba yeye ni tofauti na wengine kwa fundi wake. Halafu ikanitoka. Nikamwambia Jumanne ni sawa.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua inapungua. Tumepaka rangi madawati. Kazi isiyo na moto.

Jumanne, 6 Mei

Saa mbili alikuwa Jabe, mbele ya muuzaji, kabla yangu.

Tulipakia mabomba marefu, tukayafunga kwa mipira ya baiskeli. Yalitoka mbele na nyuma kama pembe. Fremu ilishuka kidogo, ikakubali. Nilitaka kutembea pembeni. Akasema uzito wa nyuma hautoshi, nikae juu ya mzigo ili nyuma isiinuke. Nikakaa, mwanamke wa miaka thelathini na nne, mgongo kwa mgongo na dereva wangu, miguu inaning'inia.

Jua lilikuwa limetoka, barabara inatoa mvuke. Akilimali alizungusha mikono, na kila mzunguko niliusikia kwenye mbavu zangu. Kwenye mteremko alicheka. Kwenye mwinuko niliruka nikasukuma, halafu nikapanda tena.

Kwenye kituo cha mafuta foleni ilikuwa ile ile, magari yamezimwa, madereva wamelala wamefungua milango. La tano au la sita lilikuwa gari la Darius. Alikuwa ndani, kioo kimeshushwa, shati limeshika jasho. Alituona tunakuja kwa mbali, maana pembe zetu za bomba zilichukua nusu ya barabara. Akatazama bomba, akanitazama mimi, akatazama fremu. Yule ni mjenzi. Macho yake yalisoma mishono kabla hajataka.

Akilimali alipunguza mwendo. Sikumwomba apunguze.

"Hayo mabomba mumeyatoa wapi?" Darius akauliza.

"Jabe," nikasema.

"Na munakwenda wapi nayo?"

"Kazini, patron," Akilimali akajibu, akazungusha mikono, tukampita, tukapita foleni yote, gari baada ya gari, mpaka barabara ikawa yetu.